Luteni Uhura na likizo yetu ya kiangazi

Assalaam aleykum, ndugu zangu wa Tanga na wote mnaonitazama mkiwa nyumbani. Hapa Columbus, Ohio, shule zimefungwa, joto la mchana halimruhusu mtu kutia mguu nje, na mwanangu wa miaka tisa alikwisha kuichoka michezo yote ya simu kabla wiki ya pili ya likizo haijaisha. Ndipo nilipompeleka kwenye maktaba ya umma, na katika rafu ya chini kabisa tukaokota boksi la diski za Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya wasafiri wa chombo cha anga, ile ya zamani kabisa, iliyoonyeshwa na kituo cha NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969, vipindi 79 kwa jumla.

Nakiri kwamba mwanzoni nilitazama kwa dharau. Milango ya chombo ambayo yaonekana kujifungua yenyewe ilikuwa ikivutwa kwa mkono na mafundi waliojibanza nyuma ya ukuta, na hata ule ujanja wa kumyeyusha mtu huku na kumwibua kule ulibuniwa kwa sababu kukionyesha chombo kikitua kila wiki kungekula fedha nyingi mno. Kilichonivunja mbavu ni habari ya chumvi. Katika kipindi kile cha kwanza kuonyeshwa yumo kiumbe anayefyonza chumvi mwilini mwa watu, basi mtayarishaji wa vifaa akanunua vikopo vya chumvi vya maumbo ya kigeni, kisha ikaonekana kwamba watazamaji wasingevitambua, vikageuzwa kuwa vifaa vya daktari. Sasa kila Daktari McCoy anapompitishia mgonjwa kifaa chake, mimi naona kikopo cha chumvi tu.

Kiumbe huyo huyo, ambaye humjia kila mtu kwa sura ya yule anayemtamani, anamtokea Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, akiwa kijana mweusi mtanashati, na anamsemesha kwa Kiswahili. Nilisimamisha video, nikairudisha nyuma. Mwanangu, ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, aliinua kichwa: "Mama, huyo si anaongea kama bibi?" Lafudhi ile haina hata chembe ya bibi yake wa Tanga, lakini mtoto hakukosea. Ilikuwa mwaka 1966, Kenya haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru wake, na tayari kuna Mwafrika angani anayetongozwa kwa lugha yetu.

Jina lenyewe lina kisa. Nichelle Nichols, aliyeigiza nafasi hiyo, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru; neno likampendeza mbunifu wa tamthilia, Gene Roddenberry, na kwa kuwa lilisikika kali kwa jina la mwanamke, wakalilainisha mwishoni likawa Uhura. Sisi tuliozaliwa nalo neno hilo tunajua kwamba halilainishwi, kwa maana "uhura" si kitu, na nililalamika sebuleni peke yangu kama mwalimu anayesahihisha imla. Nichols nusura aache kazi baada ya msimu wa kwanza ili arudi kwenye maigizo ya jukwaani. Kwa maelezo yake, aliyemsihi abaki ni Dkt. Martin Luther King, ambaye aliona thamani ya mwanamke mweusi kuonekana kwenye televisheni akiwa na cheo, si mtumishi wa mtu.

Kipindi tulichokirudia zaidi ni cha mwaka 1967, ambapo mtambo uitwao Nomad unamfuta Uhura kumbukumbu zote. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza, sentensi za darasa la kwanza kabisa, na akikwama kwenye neno anapandwa na hasira na kubwata kwa Kiswahili. Mwanangu alicheka mpaka akaanguka kwenye zulia, kisha akanitaka nimfafanulie alichosema. Nilisikiliza mara nne, sikio kwenye spika, na maneno mengine bado yamenipita.

Diski zinarudishwa Jumatatu. Msimu wa tatu umeazimwa na mtu mwingine, nasi tumejiandikisha kuusubiri. Mwanangu, kila jina la yule mama linapotajwa, huisahihisha televisheni kwa sauti: "Ni uhuru!"