Mjane Aliyewaapisha Watu

REHEMA: Asalaam aleikum, wasikilizaji. Mnatusikiliza kutoka Mombasa. Mimi ni Rehema, na niko na kaka yangu Athman, ambaye leo kaja na ubishi.

ATHMAN: Si ubishi, dada, nimechoka tu. Kila ukifungua simu waambiwa "ishi kwa malengo". Mtu kodi ya nyumba imemshinda, wewe wamwambia malengo! Hayo ni maneno ya walioshiba.

REHEMA: Haya, Mekatilili wa Menza alikuwa ameshiba? Mjane wa Kigiriama, cheo hana. Mwaka 1913 Mwingereza anataka kodi, anataka na vijana waende wakamfanyie kazi. Mama yule akaanza kuzunguka vijijini.

ATHMAN: Na kifudu.

REHEMA: Na kifudu, ngoma ya mazishi. Ikilia, watu hujaa, naye hapo ndipo asemapo.

ATHMAN: Sasa hapo ndipo sikubaliani nawe. Ngoma haimpi mtu msimamo. Watu hucheza, wakarudi makwao, kesho wakalipa kodi.

REHEMA: Ndiyo maana hakuishia kwenye ngoma. Aliwaapisha. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hawatamtumikia Mwingereza. Lengo likiwa kichwani mwako peke yako, siku ya njaa unalibadilisha na hakuna ajuaye. Ukishaapa mbele ya jirani...

ATHMAN: Jirani atakuuliza. Tena jirani wa kwetu huku, atakuuliza mbele za watu!

REHEMA: (anacheka) Wallahi! Basi wakamkamata, wakampeleka mbali, Kisii. Akatoroka, akarudi kwa miguu, mamia ya kilomita. Arudi kule kule alikokamatiwa, kwa nini? Aliowaapisha walikuwa huko.

ATHMAN: Na akakamatwa tena, 1914. Mwaka huo huo Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ikalipuliwa kwa baruti. Mbona husemi alishindwa?

REHEMA: Watu walikufa, mali ikaenda, sikatai. Yeye kurudi kwao ni 1919. Mimi sikuhesabii ushindi, kaka. Nakuonyesha kilichomfanya asikae kimya huko Kisii.

ATHMAN: Basi nami nikupe ya hapa mjini. Wakumbuka 2019, kontena zilipolazimishwa kupanda treni ya SGR mpaka Nairobi?

REHEMA: Nisikumbuke vipi? Maandamano kila Jumatatu.

ATHMAN: Madereva wa trela, mataniboi, mafundi wa tairi, kina mama wa chakula pale Changamwe, wote mikono mitupu. Sasa kuna chama cha kina mama Majengo, sikitaji. Mweka hazina wao, mumewe alikuwa dereva. Siku ya mchango ikafika, hana. Mtu mwingine angefanyaje?

REHEMA: Angezima simu.

ATHMAN: Angezima simu na angehama mtaa! Yeye alifika kabla ya wote. Akafungua lile daftari la jalada gumu, akajiandikia deni kwa mkono wake, na walipokaa akalisoma jina lake kabla ya mengine yote, kwa sauti. Kimya. Halafu mwingine akasema, "Hata mimi sina." Mwingine naye. Kumbe kuna waliokuja siku ile kuaga, wajitoe.

REHEMA: Ikawaje?

ATHMAN: Wakausimamisha mzunguko wa michango. Kidogo kilichopatikana wakawa wanakwenda nacho soko la Kongowea alfajiri, wananunua mchele na unga kwa jumla, wanagawana kwa kibaba. Maana walichoahidiana tangu mwanzo si zile pesa. Waliahidiana kwamba hakuna mtoto wao atakayerudishwa nyumbani kwa ada. Chakula kikishuka bei, ada yapatikana.

REHEMA: Ehe! Sasa hayo nayo ni maneno ya walioshiba?

ATHMAN: Hayo si maneno, dada. Mimi nilipinga maneno.

REHEMA: Una hila wewe! Na 2022, amri ya kontena ilipobadilishwa, mzunguko ulirudi?

ATHMAN: Ulirudi polepole, ila Kongowea hawajaacha kwenda. Mweka hazina wakataka kumpa uenyekiti, akakataa kata kata.

REHEMA: Kwa nini?

ATHMAN: Asema mwenyekiti kazi yake kufungua kikao kwa dua na kukifunga kwa dua. Wenye madeni wote wako kwenye daftari, na daftari hampi mtu.