Ganda Likikwama kwenye Kalibu: Mafuta na Kipimo cha Maganda ya .308

Karibuni tena mezani. Leo baruti na fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, zinabaki kabatini. Tuna maganda matupu ya risasi za bunduki za .308 Winchester yaliyokwisha kufyatuliwa, presi, kalibu ya kulirudisha ganda kwenye kipimo, na mafuta. Nazungumza na ninyi mnaowinda na kulenga shabaha Marekani, ambako mtu kujijazia risasi zake mwenyewe ni jambo la kawaida. Mlioko Tanzania na Kenya tazameni tu muelewe. Huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na sheria ya silaha haina mzaha.

Vaeni miwani, tuanze.

Kwanza, osheni maganda kabla hayajagusa kalibu. Msitumie dawa ya kung'arisha yenye amonia, inaidhoofisha shaba. Sasa tazama ganda hili: lina mstari mrefu, na hili la pili lina mstari uleule, mahali palepale. Hapo msiongeze mafuta. Kuna chembe ya mchanga au ya shaba imeng'ang'ania ndani ya kalibu. Fungua, safisha, ndipo uendelee.

Pili, mafuta. Matatizo mengi mtakayoyaona yanatoka hapa. Mimi napenda nta, kwa mfano ile ya Imperial: unagusa kidogo kwa ncha ya kidole, unalizungusha ganda kati ya vidole, basi. Lisirowe, liwe na utelezi tu, kama mkono uliopakwa losheni dakika tano zilizopita. Panapohitaji zaidi ni huku chini karibu na kitako, kwa sababu ndiko ukuta wa ganda ulivyo mnene na ndiko linakobanwa sana. Begani, pale mwili wa ganda unapopungua kuelekea shingo, msipake.

Anayependa kupuliza anaweza kuchanganya lanolini ya majimaji sehemu moja na spiriti ya asilimia 99 sehemu kumi hivi. Tikisa, puliza, geuza maganda, puliza tena. Halafu subiri. Wengi wanakwamisha maganda kwa haraka tu: spiriti haijakauka, na spiriti si mafuta. Ikishakauka, ganda linanata kidogo vidoleni. Hapo liko tayari.

Shingo nayo ina haki yake. Ukisikia presi inalia unaposhusha ganda, ni ule mpira wa chuma unaopanua shingo unapita pakavu. Kelele yenyewe si kitu, ila mpira huo unaivuta shingo na kulirefusha ganda. Pitisha brashi ndogo ya nailoni yenye mafuta kidogo ndani ya shingo, au unga wa grafiti.

Tatu, mkono wa presi. Ushushe polepole na usikilize kiganja chako. Ukikaza ghafla njiani, acha hapohapo. Usiongeze nguvu! Rudisha nyuma, toa ganda, lipake tena. Kulazimisha ndiko kunakong'oa ukingo wa kitako na kuliacha ganda limenasa juu.

Likishanasa, msigonge nyundo. Fungua fito ya kutolea fataki uipandishe juu iwezekanavyo, na uhakikishe fataki haimo. Toboa kitako kwa keekee ya milimita 5.1, kata humo nyuzi za skrubu ya robo inchi, zile za nyuzi 20 kwa inchi. Weka kikombe cha chuma chini ya kalibu, pitisha skrubu ndefu, kaza kwa spana. Skrubu inalivuta ganda taratibu mpaka linachomoka. RCBS wanauza seti yenye kila kitu, na ni heri kuwa nayo kabla ya siku ya kuihitaji.

Upande wa pili ni mafuta kuzidi. Sogeza kamera hapa begani. Unaona kibonyeo hiki? Mafuta hayabanwi, yakikosa pa kwenda yanaibonyeza shaba. Kalibu nyingi zina tundu dogo la kupumulia, likague kama halijaziba. Kibonyeo kidogo kama hiki kitanyooka ganda likifyatuliwa. Chenye mkunjo mkali, tupa.

Sasa kuna jambo linalowachanganya hata wazoefu: ganda limepita kwenye kalibu, lakini bolti ya bunduki, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inafunga kwa shida kuliko kabla. Sababu ni kwamba kalibu imebana mwili bila kulifikia bega vizuri, kwa hiyo bega limesukumwa mbele. Dawa ni kushusha kalibu, lakini kidogo sana. Nyuzi zake ni 14 kwa inchi, kwa hiyo hata moja ya nane ya mzunguko ni kama milimita 0.23. Pima bega kwa kalipa iliyofungwa kipimo cha bega: kwa bunduki ya bolti, lirudi nyuma kama milimita 0.05 kutoka ganda lilivyotoka kwenye chemba, yaani pale risasi inapokaa ndani ya bunduki. Ukilirudisha mno kila mara, ganda linavutika na kuwa jembamba karibu na kitako mpaka linakatika. Pinda ncha ya klipu ya karatasi, ipitishe ndani. Ikikwaruza kwenye mfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo limekwisha.

Maganda ya jeshi yaliyotoka kwenye bunduki ya rashasha ni kesi nyingine. Yamevimba kitakoni, na mara nyingi yanataka kalibu inayobana zaidi huko chini.

Mwisho, futa mafuta yote, nje na shingoni. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na nguvu kubwa zaidi inaangukia bolti. Kisha pima urefu: likizidi milimita 51.18 likate lifike 50.93, toa kingo kali. Hapo ndipo fataki inaweza kutoka kabatini.