Kabla Hujamwaga Wino wa Zamani

(Mhadhara kwa wachapaji na wasindikaji wadogo, Moshi)

Habari za asubuhi. Wachapaji karibuni, na wasindikaji ambao ndio mnaotulisha, karibuni zaidi. Zinapita mikononi mwenu lebo mbili, moja ina herufi A nyuma, nyingine B. Zishikeni, msizitie mfukoni. Tutazihitaji baadaye.

Mimi nachapa lebo hapa Moshi: za kahawa, asali, viungo, siagi ya karanga, na za mvinyo wa ndizi unaotoka upande wa Arusha. Mashine yangu ni ya kidijitali, ile ya kurusha matone ya wino. Kuna mwaka nilibadilisha wino. Fundi alimaliza kazi kwa siku moja, mashine ikawaka, lebo zikatoka safi, nikajipongeza. Wiki ya tatu akaingia mama mmoja anayesindika asali. Shikamoo yangu aliiitikia huku akitoa chupa mbili kwenye kikapu. Akazipanga mezani. "Mwanangu, wateja wananiuliza hii mpya nimeichanganya na nini."

Asali ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni rangi ya chungwa kwenye lebo: ilikuwa imeegemea kwenye wekundu. Mimi nilikuwa nimeitazama kila siku hadi jicho likazoea. Lakini mnunuzi sokoni hasomi lebo, anaitambua tu, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake akiwa bado mbali. Mwendo ukibadilika, anashtuka.

Nikataka kurudi kwenye rangi ya awali, nikakuta sina pa kurudi. Wino wa zamani ulikuwa umeshamwagwa, mirija imeoshwa, na sikuwa na kipimo hata kimoja nilichochukua ukiwa bado ndani. Kosa langu lilikuwa hapo, wala si kwenye wino mpya.

Sababu za kubadilisha sitazichambua sana, mnazijua. Bei, au wino wako umeacha kuletwa, au mteja analalamika kwamba lebo inachuja ndani ya ndoo ya barafu. Zote ni sababu halali. Ila ulizeni kwanza kama kichwa cha mashine kinaukubali wino huo. Vichwa vingine hupasha wino joto ghafla hadi kitokee kipovu kinachosukuma tone nje. Hivyo kwa kawaida huhitaji wino wa maji. Vingine vina kijiwe kinachojikunja kwa umeme, navyo vinaweza kurusha wino mzito zaidi, ukiwemo ule unaokaushwa kwa mwanga wa UV. Ukitia wino wa UV kwenye kichwa cha joto, umenunua kichwa kipya.

Hata wino wa maji peke yake una koo mbili. Kuna ule ambao rangi yake imeyeyuka kabisa, kama sukari kwenye chai. Na kuna wa pigmenti, ambao rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea. Ule wa kwanza hung'aa na kupendeza, ila jua na maji huuonea. Wa pigmenti huvumilia zaidi. Sasa chembe zile hazielei kwa bahati: zimepakwa kemikali inayozifanya zisukumane zisigandane. Ukizikutanisha na wino wa ukoo mwingine, wenye chumvi nyingine au uchachu mwingine, ulinzi ule huvunjika. Mmeona maziwa yakidondoshewa ndimu? Ndivyo inavyokuwa, tena ndani ya tundu jembamba kuliko unywele wako.

Kwa hiyo "nitaongezea tu juu, utajichanganya wenyewe" ni maneno ya kumkimbia fundi anayeyasema.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ya uvumilivu. Toa wino wote, pitisha dawa ya kusafishia inayotengenezwa kwa ajili ya wino huo, badilisha machujio, osha kifuniko kinachokaa juu ya kichwa na kile kiraba kinachokifuta. Hapo wengi hudhani wamemaliza. Iacheni mashine ilale usiku kucha, asubuhi pitisheni dawa tena. Mtaona rangi inatoka upya, ilikuwa imejibanza kwenye viungio vya mirija. Maji ya bomba msiyatumie. Yana madini yanayobaki kwenye matundu. Na ndugu zetu wa Arusha msinichukie, lakini floraidi ya maji yenu tunaisoma kwenye meno. Chagueni pia siku mliyo na betri ya akiba, maana umeme ukikatika kichwa kikiwa wazi kinakauka. Machafu yake yawekwe kwenye dumu na kufunikwa. Yasimwagwe mtaroni, na nikisikia mtu amemwaga kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, nitakwenda mwenyewe kwa wazee wa huo mfongo.

Sasa turudi kwenye kile nilichokikosa.

Kabla ya kugusa chupa yoyote, chapeni kumbukumbu kwa wino wa zamani. Kwanza, lebo za wateja wote wanaorudi, kila moja kwenye karatasi au plastiki yake halisi, zihifadhiwe kwenye bahasha gizani. Pili, ukurasa wa viraka vya rangi. Upo mmoja wa kawaida wenye viraka 1,617. Kama hamna uwezo huo, hata mia chache zinasaidia. Vipimeni kwa kifaa cha kupimia rangi, na namba zitunzwe. Kifaa ni ghali, kweli. Wachapaji watatu wanaweza kuchanga wakanunua kimoja. Sisi watu wa mlimani tuliwahi kuchangia mambo makubwa zaidi ya hayo: chama cha ushirika cha kahawa cha KNCU kilianza 1933, na wazee wale hawakuwa na simu.

Wino mpya ukishaingia, msikimbilie kutengeneza profaili ya rangi, yaani faili linaloiambia mashine ichanganye wino vipi ili rangi itoke sawa. Anzeni na kiasi: karatasi hii inabeba wino kiasi gani kabla haujatapakaa? Karatasi isiyo na mipako hunywa, ya plastiki hugoma. Kisha nyoosheni kila rangi peke yake, ukiagiza nusu itoke nusu: sayani ile ya samawati, majenta ile ya waridi iliyokolea, njano, nyeusi, ndipo profaili. Na profaili ni ya wino huu kwenye karatasi hii. Mkibadilisha karatasi, mnapima upya. Baada ya hapo linganisheni namba za zamani na mpya. Tofauti ya rangi hupimwa kwa kipimo kiitwacho delta E. Tofauti ya 1 jicho zuri huihisi kwa shida, ya 2 au 3 wateja wengi huikubali. Chungwa la mama wa asali lilipopimwa dhidi ya lebo yake ya zamani lilikuwa limepita hapo mbali.

Msisahau msimbopau, ile mistari inayosomwa na skana dukani. Skana nyingi za kaunta humulika kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo chochote chenye wekundu ndani yake hukiona kama cheupe. Watu wa kahawa mnapenda mistari ya hudhurungi ifanane na punje. Pengine kwa wino wa zamani hudhurungi yenu ilikuwa na sayani ya kutosha, skana ikasoma. Kwa wino mpya programu imechanganya majenta na njano zaidi, jicho halioni tofauti, lakini kaunta ya duka inanyamaza. Namba yenu ya Tanzania, ile inayoanza na 620, ipo palepale. Mashine ndiyo haiioni. Mistari ichapwe kwa nyeusi tupu.

Kuhusu chakula nitasema jambo moja tu. Mwaka 2005 kule Italia maziwa ya watoto yaliondolewa madukani kwa mamilioni ya lita kwa sababu ya ITX, kemikali ya kusaidia wino wa UV kukauka. Wino ulikuwa umechapwa nje ya pakiti. Ila pakiti, kabla ya kukunjwa, hukaa kwenye roli, na upande wa nje hugusana na upande wa ndani wa mzunguko unaofuata, kemikali ikahamia huko. Anayetaka kuchapa moja kwa moja kwenye kifungashio cha chakula aulize kuhusu wino usiohama, na aombe karatasi ya mtengenezaji inayosema hivyo.

Jaribio la jua halina gharama. Lebo nusu ifunikwe kwa kadibodi, iwekwe juu ya bati mwezi mzima. Hapa tupo karibu na mstari wa ikweta, bati litawaambia ukweli mapema kuliko muuzaji wa wino.

Naona mkono kule nyuma. Kaka anauliza yule mama alirudi? Alirudi, baada ya mimi kuchapa upya mara nne kwa gharama yangu, nikimtafuta chungwa kwa macho na kwa ile chupa yake ya zamani aliyoniachia. Chupa bado ipo ofisini, asali nimeshaila.

Sasa zile lebo mbili. Hapa ndani, chini ya taa hizi, nani anaziona tofauti? Hakuna. A ni wino wa zamani, B ni wino mpya, na nimezilinganisha chini ya taa kama hizi. Mama zetu wakinunua kitenge hutoka nacho hadi mlangoni mwa duka kabla ya kutoa hela. Chai imeshafika nje. Tokeni nazo.