Injini mpya, kadi ya zamani: mhadhara kwa mafundi na wenye magari, Kigoma Mjini

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Waha wenzangu, mwakeye.

Nimeombwa nizungumzie sheria ya kubadilisha injini ya gari, nami nitaanzia ziwani. MV Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, mnaijua wote. Wajerumani waliijenga mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa hapahapa Kigoma. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ndipo ikafungwa injini za dizeli. Kuna mtu aliyewahi kusema ile si Liemba kwa sababu moyo wake umebadilishwa? Hakuna. Bodi ni ileile.

Gari nalo ni hivyo. Chesisi, ile fremu inayobeba kila kitu, ndiyo gari lenyewe, injini ni kiungo, na kiungo kinabadilishwa. Sheria haikukatazi kutoa injini iliyokufa ukafunga nyingine. Kinacholeta kesi ni chuma kusema hivi na karatasi kusema vile.

Chukueni kadi ya gari, ile inayotolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato. Ndani yake mna namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini kwa cc, aina ya mafuta na rangi. Ukitoa injini aina ya 2L ya cc 2,446 kwenye Hiace ukaweka 5L ya cc 2,986, umebadilisha mistari miwili ya kadi hiyo. Mafuta yamebaki dizeli. Lakini ukitoa injini ya 3S ya petroli kwenye Noah ukaweka ya dizeli, mistari ni mitatu. Na serikali haiulizi cc kwa udadisi: ushuru wa bidhaa unaotozwa gari likiingizwa nchini na ada ya kulisajili hupanda kadiri cc zinavyopanda.

Sasa niwaambie aibu yangu. Hiyo Hiace niliyoitaja si mfano wa kutunga. Niliifunga mimi, ikawa inapiga ruti ya Kasulu. Injini ilitoka Dar es Salaam, ikaja kwa treni. Muuzaji alinipa kikaratasi kimeandikwa kwa mkono, "injini moja", na bei. Namba hakuna, jina la duka hakuna. Mimi nikakitumbukiza mfukoni mwa ovaroli, na ovaroli mnajua inaishia wapi. Gari likatembea miaka miwili bila kukohoa. Siku mwenye gari alipopata mteja, mteja akasema twende kwanza kwa mkaguzi. Mkaguzi akapiga brashi kwenye bloku, kile chuma kikubwa cha injini chenye namba, akasoma, akatazama kadi, akasoma tena. Gari likalala kituoni wiki kadhaa, nami nikaandikishwa maelezo kama mtuhumiwa. Mteja, bila shaka, alikwenda kununua gari jingine.

Kosa langu halikuwa la spana. Ukikutwa na kitu kinachodhaniwa ni cha wizi, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inataka ueleze ulikipataje, na maelezo yenyewe yaridhishe. Injini nyingine sokoni zimetoka kwenye magari yaliyoibwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, isafishe bloku, soma namba, dai risiti ya mashine, na namba hiyo iandikwe kwenye risiti au kwenye hati ya mauziano pamoja na jina la muuzaji. Muuzaji akikataa kuandika namba, amekwisha kukujibu.

Nasema bloku kwa makusudi. Kuna fundi huniambia, "Mwalimu, mimi sikubadilisha injini, nimeweka bloku tu, silinda hedi ni yake." Silinda hedi ni kile kichwa kinachokaa juu ya bloku. Namba iko kwenye bloku. Ukibadilisha bloku, kwa karatasi umebadilisha injini nzima. Ukibadilisha silinda hedi peke yake, kadi haiguswi.

Halafu wapo wanaotafuta njia ya mkato: kusaga namba ya injini mpya na kuchonga ya zamani ili ifanane na kadi. Hapo umetoka kwenye uzembe, umeingia kwenye jinai. Tena mkaguzi mzoefu anaujua mkono wa kiwanda kwa kupapasa tu.

Njia halali haina maajabu. Mwenye gari anakwenda na kadi halisi na karatasi za injini, gari linakaguliwa na mkaguzi wa magari wa Polisi wa Usalama Barabarani, anaandika ripoti, nayo inapelekwa TRA kuomba marekebisho. Inalipwa ada, inatoka kadi yenye namba mpya. Kama kadi imeshikiliwa na benki kwa sababu ya mkopo, anzia benki. Na mwenye bima amjulishe aliyemkatia bima, hasa kama ni bima kubwa, maana siku ya ajali anatumwa mtu wa kusoma namba zote mbili, ya chesisi na ya injini, na usimpe sababu ya kuguna.

Mkaguzi haangalii namba peke yake. Injini nzito inataka springi na breki za kuibeba. Maunti, yaani vishikio vya injini, za kuchomelea ovyo, waya zinazoning'inia na bomba la mafuta linalopita karibu na ekzosi vitakurudisha gereji, na ni haki yako kurudishwa.

Kuna mzee pale kaniuliza wenzetu wanafanyaje. Kwa miaka mingi Uingereza walikuwa na hesabu ya pointi kwa gari lililofanyiwa mabadiliko makubwa, wakihesabu viungo vya asili vilivyobaki. Ili libaki na usajili wake lilihitaji pointi 8. Chesisi ilikuwa na 5. Ekseli, gia boksi, usukani na mfumo wa springi zilikuwa 2 kila kimoja. Injini ilikuwa na 1 tu. Walikubaliana na Liemba yetu. California wao wanaangalia moshi: injini unayoweka isiwe ya mwaka wa nyuma kuliko gari lenyewe, na vifaa vyake vyote vya kuchuja moshi viwepo.

Swali la mwisho ni la injini zinazoletwa kutoka Burundi kupitia mpaka wa Manyovu. Hilo ni la forodha kwanza. Injini ikivuka mpaka bila hati ya forodha, hata ukiwa na risiti nzuri ya muuzaji bado huna maelezo ya kuridhisha. Ipitishe mezani, ilipiwe, na hati utoe kopi tatu.

Haya, tutoke nje. Brashi ya waya ninayo, tochi ninayo. Mwenye ile Noah ya bluu, funua boneti na uje na kadi yako.