Jinsi ya Kufungia Chakula Dubu Asikipate Unapolala Kambini na Gari

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo tuko hifadhi ya Yosemite, California, Marekani, kambi ya Upper Pines. Gari ndilo hilo nyuma yangu, miti ndiyo hiyo, mirefu mpaka shingo inauma kuitazama. Baba Neema ameshika kamera. Jua limebakiza kama saa mbili, kwa hiyo naanza mara moja. Kazi hii sipendi kuifanya gizani kwa taa ya kichwani.

Wengi mnaniuliza, Mama Neema, mnalalaje na dubu wanazunguka? Tunalala vizuri kabisa. Dubu wa hapa hana shida na mtu, ana shida na chakula cha mtu. Ukishakifungia chakula inavyotakiwa, yeye atapita na njia yake.

Sisi Afrika hatuna dubu wa porini. Alikuwepo mmoja kule kaskazini, milima ya Atlas, Morocco na Algeria, akatoweka karne ya 19. Ndiyo maana nilipofika Marekani sikuwa na la kujua juu yake. Nilichokijua ni nyani. Nimekulia Morogoro, na mnajua ile barabara kuu ya Iringa inavyokatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi: gari lisimame kidogo, kioo kiwe wazi, ndizi imekwenda. Sasa mchukueni yule nyani, mpeni pua kali kuliko ya mbwa na nguvu za kukunja mlango wa gari. Huyo ndiye tunayemzungumzia.

Halafu jina lisiwachanganye. Anaitwa dubu mweusi lakini wengi wao hapa ni wa kahawia. Yule wa kwenye bendera ya California ni grizzly, aina nyingine ya dubu iliyo kubwa zaidi, na huyo hayupo tena jimbo hili tangu miaka ya 1920.

Haya, hatua ya kwanza: toa kila kitu chenye harufu ndani ya gari. Kila kitu. Usijiulize kama kinaliwa, jiulize kama kinanukia. Chakula mnakijua, hicho sikitaji. Mimi nawatajia vinavyosahaulika: dawa ya meno, sabuni, losheni ya jua, mafuta ya midomo, pafyumu, vitambaa vya kumfutia mtoto, soda za kopo hata kama hazijafunguliwa, kikaango, jiko la gesi lililorukiwa na mafuta, mfuko wa taka, na boksi la barafu hata likiwa tupu. Dubu analijua boksi la barafu kwa sura. Haangalii kama lina kitu, analifuata tu.

Na kiti cha mtoto. Baba Neema, sogea hapa, waonyeshe. Hiki kiti nimekipangusa juzi nyumbani. Sasa nainua hii foronya ya kukalia… mnaona? Makombo ya biskuti, na hapa kwenye mshono kuna kipande cha andazi kimekauka. Mtoto amekaa saa nne njiani, hapo chini pamekuwa ghala. Nakung'uta, napangusa kwa kitambaa chenye maji, na kiti chenyewe nakitoa kabisa, kinaingia kwenye kabati la chuma la kambi kama nafasi ipo. Leo nafasi ipo.

Sasa gari. Mchana unaruhusiwa kuacha chakula ndani ya gari, kiwe kimefichwa kisionekane na vioo vyote vimefungwa mpaka juu. Usiku hairuhusiwi. Hata kama unalala ndani ya gari kama sisi, chakula usikilaze na wewe. Ukikutwa umekiuka, faini inaweza kufika dola 5,000, na wanaweza kukuchukulia chakula au hata gari lenyewe.

Sheria hii haikutoka hewani. Mwaka 1998 peke yake yaliandikwa matukio 1,584 ya dubu na watu katika hifadhi hii, hasara ikapita dola 650,000, na sehemu kubwa ilikuwa magari. Dubu anapenyeza kucha pale juu ya mlango, fremu inapokutana na paa, anavuta kuja kwake, mlango unakunjika. Watafiti wakaja kuona kwamba dubu wa hapa wanayavunja zaidi magari ya familia aina ya minivan, yale yanayofanana na Noah zetu, kuliko idadi yake ilivyo kwenye maegesho. Gari la watoto linanukia vitafunwa. Hata sisi tumekuja na la aina hiyo hiyo, kwa hiyo mtanielewa nikiwa mkali.

Mlango wa gari nao ufunge kwa ufunguo. Dubu anajua kufungua kitasa. Anaingia, mlango unajirudia, anakwama ndani, na dubu aliyekwama ndani ya gari anachana viti, paa, kila kitu akitafuta pa kutokea.

Hatua ya pili, kabati. Hili hapa. Kila eneo la kambi hapa lina kabati lake la chuma, huhitaji kuleta lako wala kuning'iniza chakula mtini. Kwa ndani ni kama sentimita 84 kwenda nyuma, 114 upana, na 46 kwenda juu. Ikariri hiyo 46. Pima boksi lako la barafu kabla hujatoka nyumbani, maana kuna maboksi mazuri makubwa ambayo hayaingii hapa hata ukilala juu yake.

Na mtu asikudanganye dukani kwamba boksi lake halivunjwi na dubu, kwa hiyo kabati la nini. Yapo maboksi yenye cheti cha IGBC, kamati ya Marekani ya mambo ya dubu wa grizzly, ni kweli, na napenda sana wanavyoyapima: yanapelekwa West Yellowstone, Montana, kwenye kituo chenye dubu wa grizzly, yanatiwa chakula na kuachiwa dubu dakika 60 walipige, waliume, walirukie. Likibaki zima limefaulu. Lakini cheti hicho kinahesabika boksi likiwa limetiwa kufuli. Na hapa Yosemite, lenye cheti au lisilo na cheti, linaingia kabatini.

Kupanga: vizito chini, vya kifungua kinywa mbele. Kila mtu na mtindo wake. Mimi dagaa wangu wanafungwa mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine, halafu ndani ya ndoo yenye kifuniko. Sili kambini bila dagaa. Mama yangu alipokuja kututembelea aliniambia, "Mwanangu, umevuka bahari zote hizi kuja kuwanukishia dagaa wanyama wa watu?" Mifuko haizuii pua ya dubu, hilo mlijue. Naifunga ili harufu isishike kwenye nguo na magodoro tunayolalia.

Sasa hapa, naomba mnisikilize. Kufunga mlango wa kabati. Baba Neema, shusha kamera, karibu zaidi, karibu kabisa na komeo.

Mpini umejificha ndani ya hiki kifuniko cha chuma. Unaingiza vidole kwa chini, unainua, mlango unafunguka. Umetengenezwa hivyo kwa sababu kiganja cha dubu hakiingii humo. Kufunga, unasukuma mlango kwa goti huku mkono ukishusha mpini, na unasikiliza. *Ta!* Mmesikia? Kama hujasikia *ta*, hujafunga. Rudia. Ukisikia, vuta mlango kwako mara mbili kwa nguvu. Mara mbili.

Nasema hivi kwa sababu miaka mitatu iliyopita, hapa hapa Yosemite, nilifunga mimi. Mlango ulionekana umefungwa. Kamba ya mkoba ilikuwa imebanwa pale chini, unene wake kama kidole cha mtoto, na komeo likawa limeegemea tu bila kushika. Saa tisa usiku tukasikia chuma kinagonga. Nikawasha taa kupitia kioo cha gari, nikamwona amekaa kitako mbele ya kabati kama mtu aliyealikwa, ameshika ndoo ya mahamri kwa mikono yote miwili. Tulipiga honi, tukapiga kelele, hakuondoka mpaka amemaliza. Asubuhi askari wa hifadhi alikuja akaandika maelezo yake kwa utaratibu kabisa, na kabla ya kuondoka akanieleza kinachofuata: dubu akionja chakula cha watu harudi tena kwenye matunda na mizizi yake kwa moyo mmoja. Anarudi kambini, kila safari anakuwa jasiri zaidi, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Nilikuwa nalilia mahamri, na yule mnyama nimemwingiza kwenye njia hiyo kwa sababu ya kamba ya mkoba. Sijui alifika wapi. Namfikiria kila nikishika huu mpini.

Kwa hiyo: kabla ya kusukuma, pitisha mkono kwenye ukingo wote wa chini, hivi, kutoka kushoto mpaka kulia. Kamba, mkono wa mfuko, kona ya kanga, chochote kilichojitokeza, kirudishe ndani. Goti. Mpini. *Ta*. Vuta mara mbili.

Kabati linafungwa hata ukiwa kambini, hata ukienda kuchota maji tu. Usiache wazi ukisema nakata kitunguu narudi. Chakula kilicho nje kiwe mkono wako unakifikia. Tazameni meza yetu sasa hivi: kuna kitunguu, nyanya, na… Neema! Fukuza huyo kindi, anachukua chapati! Baba Neema, weka kamera chini umsaidie.

Haya, tumerudi. Chapati moja imeondoka. Mmeona ilivyo haraka, nilikuwa hapa hapa nikiongea nanyi. Nilisogea hatua nne.

Kupika sitawaonyesha leo, pilau yangu mnaijua. Baada ya kula, osheni vyombo hapo hapo, visilale. Taka zote zinakwenda kwenye mapipa ya chuma ya kambi, na kifuniko chake nacho kinafungwa mpaka kishike. Kama umechelewa na hutaki kutembea mpaka pipani, mfuko wa taka unalala kabatini. Usiuache chini ya gari.

Tunaingia kulala sasa. Kabla ya kufunga gari huwa napiga mzunguko wa mwisho: mfuko wa nyuma ya kiti, kishikio cha kikombe, chini ya zulia la mguuni, dashibodi, buti. Baba Neema mulika hapa. Kishikio cha kikombe… simama. Rudisha. Ona. Mafuta yangu ya midomo, ya ladha ya embe. Ningeapa kwamba niliyatoa. Kamera ndiyo imeyaona, mimi nilikuwa nimeshapita.

Basi narudi kabatini. Mpini, nafungua, naweka, mkono ukingo wa chini, goti. *Ta*. Mara moja. Mara mbili.

Na dubu akija mkiwa macho? Usikimbie. Simameni pamoja, watoto katikati, pigeni kelele kwa sauti kubwa, gonganisheni masufuria, na mwachieni njia ya kuondokea. Akishashika chakula usimnyang'anye. Ukimwona kwa mbali akiwa hana shida na mtu, kaa angalau mita 45, usimsogelee kwa ajili ya picha. Na umwambie askari wa hifadhi hata kama hakuchukua kitu. Kipindi cha kuelekea baridi muwe makini zaidi, maana anajinenepesha, anaweza kutafuta hadi kalori 20,000 kwa siku.

…Habari za asubuhi. Tumelala salama. Huku nyuma ya kabati kuna alama ya kwato za paa, basi.

Tunaondoka leo, kwa hiyo natoa vitu vyote, naingiza kichwa mpaka ndani nitazame pembe za nyuma. Napangusa chini, hapa palimwagika maziwa kidogo. Atakayekuja mchana na wanawe alikute kavu. Halafu nalifunga, tupu hivyo hivyo: mkono ukingo wa chini, goti, mpini. *Ta*. Neema, njoo uvute wewe. Mara mbili, mama.