Seneta Wenu Kasema Mara Ngapi? Swali Hilo Halitoshi

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie rekodi ya seneta wa Kenya bungeni, na wanaonijua wanajua nitaanza kwa kulalama. Kila orodha ya wasemaji ikitoka, ile inayohesabu kila mmoja kachangia mara ngapi, tunatangaziwa nani hodari na nani bubu, watu wanacheka mitandaoni, basi. Hansard yenyewe, kumbukumbu rasmi ya yote yanayosemwa bungeni, hakuna anayeifungua.

Ifungueni! Mtakutana na mheshimiwa anayemshukuru Bw. Spika kwa kumpa fursa, anampongeza mwenye hoja, anasema wenzake wamekwisha kuyasema yote, kisha anayarudia. Huo ni mchango mmoja. Mwenzake aliyechambua mswada kifungu kwa kifungu, naye kaandikiwa mmoja.

Chukueni mwaka 2020, ule mvutano wa Seneti kuhusu namna ya kuzigawia kaunti fedha za Serikali. Wengine walitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi. Kaunti za kaskazini na Pwani zikaona zinapunjwa. Kikao kikaahirishwa, kikaitishwa, kikaahirishwa tena. Tarehe 17 Agosti polisi wakawakamata maseneta watatu: Malala wa Kakamega, Langat wa Bomet na Lelegwe wa Samburu. Ukumbi ukawaka, mgao ukawekwa kando. Na aliye mikononi mwa polisi, jamani, mtamhesabia mchango gani? Mwafaka ulipatikana 17 Septemba, baada ya Serikali kuahidi kuongeza shilingi bilioni 53.5 ili kaunti yoyote isipoteze. Nionyesheni hotuba iliyozileta hizo bilioni. Haipo! Zilinyofolewa kwa ubishi wa wiki nyingi, mwingi wake kwenye korido, na kwa watu waliokataa katakata kuridhia.

Najua kuna kijana hapa anasema moyoni, “Mwalimu anawatetea mabubu.” Siwatetei. Asiyesema, asiyehudhuria kamati, asiyeleta hata mswada mmoja, huyo mnajua la kumfanya ifikapo uchaguzi. Ninachodai ni hiki: ukishasoma alichosema, tafuta kura yake.

Na hapo kuna mtego. Maseneta ni 67, lakini jambo linalogusa kaunti, Ibara ya 123 ya Katiba inaipa kila kaunti kura moja, kura 47 basi. Seneta mteule, aliyeingizwa na chama bila kupigiwa kura na kaunti, anaweza kuhutubia hadi magharibi. Anayepiga kura ni kiongozi wa ujumbe wa kaunti, yaani seneta wa kuchaguliwa, akishashauriana na wenzake, kama kweli alishauriana nao. Kwa hiyo mteule msimhukumu kwa kura, na seneta wa kuchaguliwa msimhukumu kwa sauti. Nimelisema hili hadi nimechoka, na bado orodha zinawachanganya.

Kamati, haraka haraka: magavana huhojiwa huko kuhusu hesabu zao, na swali moja la huko lina uzito kuliko pongezi ishirini za ukumbini. Fuatilieni ripoti zao.

Lugha nilitaka kuigusa, maana Ibara ya 120 inakiruhusu Kiswahili bungeni, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Waliochapisha Hansard za maseneta wao wazitoe. Tuanze na ya Turkana, yule mama pale mbele.