Cecilia: Jina Moja, Matamshi Mengi

Ndugu wasikilizaji, jina Cecilia lina c mbili, na ukizisikiliza vizuri zinakwambia limepitia wapi.

Roma ya kale waliliandika Caecilia na kulitamka takriban "Kaikilia". Ushahidi mzuri ni Wagiriki, ambao waliliandika kwa herufi yao ya k. Halikuwa jina ambalo mzazi aliketi akalichagua. Binti alibeba jina la ukoo wa babake katika umbo la kike, kwa hiyo kila binti wa akina Caecilius alikuwa Caecilia. Mmoja wao, Caecilia Metella, ana kaburi kubwa la mviringo kando ya Via Appia, barabara ya kale ya Roma, na bado limesimama. Kwa kawaida jina huhusishwa na neno caecus, kipofu, ingawa ukoo wenyewe ulipenda kujinasibisha na Caeculus, shujaa wa hadithi aliyeanzisha mji wa Praeneste.

Ukoo ulitoweka, jina likabaki kwa sababu ya mfiadini Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki, anayekumbukwa tarehe 22 Novemba. Ndiyo maana kwaya nyingi za Kikatoliki Tanzania na Kenya zina jina lake.

Sasa tuje kwenye sauti. Katika karne za mwisho za dola ya Roma, ae iligeuka e, na k iliyotangulia e au i ikalainika, maana ulimi ulisogea mbele kuifuata irabu. Kila nchi ikalainisha kwa namna yake. Waitalia na Waromania husema "Chechilia". Wafaransa walianza na ts, kisha kufikia karne ya 13 wakabaki na s: Cécile. Sehemu kubwa ya Hispania hutamka c hizo kama th ya "thelathini", lakini Amerika ya Kusini ni s tupu. Wajerumani, Wahungaria na Wapolandi wameshika ts: Cäcilie, Cecília, Cecylia. Hiyo y ya Kipolandi haikuwekwa kwa urembo. Wangeandika ci, msomaji angetamka ch laini, kwa hiyo y inailinda ts.

Kaskazini jina lilikatwa hadi ndugu hawatambuani tena: Sidsel na Sille kwa Wadenmaki, Sissel na Silje kwa Wanorwei, Silja kwa Wafini. Uingereza lilienea kupitia Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka nchi hiyo. Binti mmoja wa mfalme wao, William Mshindi, aliitwa Cecilia, akawa mama mkuu wa abasia, yaani nyumba ya watawa, kule Caen, Ufaransa. Waingereza wakalifanya Cecily na Cicely. Ireland likawa Síle, na kwa kuwa s ya Kiayalandi ikikaa kabla ya i husomwa sh, Waingereza walilisikia na kuliandika Sheila.

Hapa ndipo watafutaji wa nasaba hupotea. Kwenye vitabu vya ubatizo vya Kilatini, Caeciliae na Caeciliam si watu wengine, ni jina lile lile limebadilishwa mwisho kufuata sarufi. Mwandiko wa zamani huzifanya æ na œ zifanane, hivyo tafuta Coecilia pia. Kwa Uingereza usiishie herufi C: fungua S, uangalie Sisley. Kwa Ireland kazi ni ngumu zaidi, kwani makarani walizoea kumwandika Síle kuwa Julia, jina lisilo na undugu wowote naye. Mama mmoja anaweza kuwa Julia kwenye ubatizo wa mtoto mmoja na Cecilia kwa mwingine. Usiamue kwa jina peke yake. Linganisha jina la mume, kijiji na wasimamizi wa ubatizo.

Celia nalo linahitaji uangalifu. Asili yake ni Caelia, ukoo mwingine kabisa wa Roma, na vitabu vingi vya majina huwachanganya. Hata hivyo usilifute kwenye orodha yako: Ireland Celia lilitumika pia kwa akina Síle, na Uingereza kama ufupisho wa Cecilia.